Matanga ya Laptop ya Maman Nsimire

Bukavu, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kabla sijaketi vizuri, maana najua umeshaununia ukimya wangu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea kwa mkono wa yule mfanyabiashara wa Uvira ilifika Ujiji, au iliishia kuchua magoti ya watu wengine njiani? Na paa la jikoni, kaka Juma ameliziba, au bado anasema kesho? Mimi huku ni mzima wa afya, namshukuru Mungu. Nimekonda kidogo, lakini usianze kunililia, ni vilima tu. Bukavu ukienda kununua chumvi unapanda, na ukirudi nayo nyumbani unapanda tena. Mteremko wao sijui wanauficha wapi.

Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa na msiba nyumbani. Usishtuke, Mama, hakuna mtu aliyekufa. Iliyokufa ni laptop. Ukicheka sasa hivi sitakulaumu, hata mimi nilicheka mwanzoni.

Maman Nsimire unamjua kwa habari zangu. Ndiye mwenye nyumba ninayopanga hapa Cimpunda, mjane, mwalimu wa shule ya msingi, umri wake ni kama wa shangazi. Huku kila mwanamke ni Maman, hata mimi nisiye na mtoto wa kuazima wananiita Maman Zuhura. Nyumba yetu iko katikati ya kilima, na mtaa umebanana hivi kwamba bati la jirani wa chini liko usawa wa miguu yetu. Jirani akikaanga samaki, sisi tunashiba harufu. Hakuna siri Cimpunda. Nakwambia haya mapema ili usishangae majirani watakapoingia.

Maman Nsimire alikuwa chuo kikuu zamani, akafika mwaka wa mwisho, kisha vita vikaja, ndoa ikaja, watoto wakaja, masomo yakabaki njiani. Mumewe alipofariki, akarudi. Anakaa darasani na vijana ambao baadhi yao aliwafundisha kusoma a, e, i, o, u. Kilichobaki ni ile kazi ya mwisho ya kuandika, wao wanaiita mémoire, na yake inauliza kwa nini wasichana wa Cimpunda wanaacha shule kabla ya kumaliza. Alizunguka kwa akina mama wa mtaa huu mmoja mmoja, akawauliza, akaandika. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye roho ya jambo: chuo kinabadilisha mpango wake wa masomo. Wanafunzi wa mpango wa zamani wamepewa muhula mmoja tu wa kumalizia. Asiyeiweka kazi yake mikononi mwa chuo kabla ya muhula kuisha, mwisho wa mwezi, miaka yake yote inafutwa, na akitaka aanze tena mwaka wa kwanza katika mpango mpya. Kwa Maman Nsimire kuanza tena maana yake ni kuacha.

Basi Jumamosi moja nilimpeleka ofisini kwetu, kwa sababu mtandao wa shirika hauna mtu wikendi na yeye alitaka kusoma makala fulani. Laptop yake ni ya mkono wa pili, betri ilishakufa siku nyingi, haiwaki bila kuchomekwa ukutani. Nikamwacha mezani, nikaenda kupanga mafaili yangu. Niliporudi nikamkuta amekunja mikono kama mtu anayesubiri kupakuliwa chakula.

"Imekuwa nini, Maman?"

"Hii machine iko naniomba kitu tangu siku mingi," akasema. "Kila nikiifungua, iko naomba. Inasema système mupya iko tayari, weka sasa. Nilikuwa nasikia haya kuikatalia kila siku."

"Umeikubalia?"

"Nimeiambia oui. Mutu akikuomba muzuri vile, mara mingi, utamufukuza?"

Mama, wewe unanijua, mimi ni mwepesi wa hasira. Lakini ningefoka nini? Kwa hawa watu mgeni hafukuzwi mlangoni, na ombi likirudi mara ya pili anayeona haya ni anayekataa, si anayeomba. Mtu aliyetengeneza ile mashine hakujua kwamba itafika kwa mwanamke mwenye adabu. Kwenye kioo asilimia za hiyo système, yaani mfumo mpya wa kuendesha mashine, zilikuwa zinapanda taratibu, na sisi tukakaa kuzitazama kama watu wanaosubiri maharage yaive. Zilipovuka nusu, umeme ukakatika. Jenereta ya ofisi Jumamosi haiwashwi. Kioo kikawa cheusi, nikaiona sura yake mle ndani ya kioo, na yangu nyuma yake.

Umeme uliporudi mashine iliwaka, nikashusha pumzi. Ikatuonyesha picha ya mlima wenye theluji ambao hatujawahi kuuona, na katikati imeandika kwa Kifaransa: Bienvenue, yaani karibu. Tukaingia. Mle ndani hamna kitu, Mama. Safi kama nyumba iliyohamwa. Hakuna mémoire, hakuna picha za marehemu mumewe, hata jina lake halipo. Maman Nsimire akatazama, akasema polepole, "Inanikaribisha ku nyumba yangu?" Tulipoizima na kuiwasha tena, haikufika hata hapo. Ilibaki na vidoti vinazunguka, vinazunguka, mpaka tukafunga ofisi.

Utauliza, hakuwa na nakala? Hata mimi niliuliza, na kwa sauti isiyofaa. Mwanawe aliyeko Lubumbashi alimwonya asiingize flashi kwenye mashine, kwa sababu zile ofisi za barabarani za kuchapisha karatasi zimejaa virusi. Yeye akatii, akatii kupita kiasi, hata flashi yake mwenyewe hakuingiza. Sura za mwanzo profesa wake anazo kwenye karatasi. Sura ya akina mama, ambayo ndiyo kazi yenyewe, ilikuwa mle ndani tu. Na zile karatasi alizoandika kwa mkono alipokuwa anawauliza?

"Nilishazipatia mama wa karanga," akasema. "Nilijua yote iko mu machine."

Ni kweli. Jioni ile tulinunua karanga, na karatasi ya kufungia imeandikwa kwa mwandiko wake: "mama anasema binti alikuwa anapenda hesabu." Basi, hakuna zaidi. Mama anasema, na karanga ndani.

Jumatatu tuliipeleka kwa fundi kule Nyawera, kijana mpole, akaifungua mgongo na kuitazama. "Système iliingia nusu, courant ikakata," akasema. "Bintu biko mule ndani, maman. Lakini kama bitatoka, siwezi kukudanganya." Kuna kifaa alichokuwa anakisubiri kutoka Goma. Tukamwachia. Maman Nsimire alipanda kilima mikono mitupu, na siku ile hakula, na siku iliyofuata alikula kwa ajili yangu tu. Shemeji yake akaja, ndugu wa marehemu, akasimama mlangoni hata bila kuketi. "Nyamuzinda amekusemesha," akamwambia, maana ndivyo wanavyomwita Mungu kwa Kimashi. "Umeshakuwa koko wa watoto, pumuzika." Koko ni bibi. Mimi nilitaka kumjibu, Maman Nsimire akaniambia kwa jicho ninyamaze.

Kesho yake nikitoka kazini nikawakuta wanawake wamejaa. Wamekaa chini kwenye mikeka, migongo ukutani, vitenge mabegani, thermosi za chai katikati na mikate ya kukaanga. Nikajua kuna aliyefariki kwao Maman Nsimire, kule Walungu. Mama Neema, jirani yetu wa chini, yule wa samaki, ndiye aliyenipokea mlangoni na kunishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole, Maman Zuhura. Tumesikia juu ya machine."

Mama, walikuja matanga. Matanga ya laptop! Nilitaka kuwaambia waende nyumbani wakapike. Lakini huku mtu akipotelewa hawamwachi peke yake na ukuta, na hawapimi kwanza kama kilichopotea kinastahili. Wakakaa kimya kama inavyotakiwa. Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, akauliza kwa heshima kabisa:

"Na neno yake ya mwisho ilisema nini?"

"Ilisema Bienvenue," akajibu Maman Nsimire.

Halafu mmoja akaguna, mwingine akafunika mdomo kwa kitenge, na nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Maman Nsimire alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli, na wao wakamwacha alie. Sikuwa nimemwona akilia tangu nimfahamu. Alisema, "Nilikuwa nimefika. Nilikuwa nimeshafika." Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Ni Mama Neema aliyesema, akimenya kunde zilizokuwa kwenye ungo, kwa sababu hawa hawajui kukaa bila kazi ya mikono: "Sasa unalilia nini? Maneno ilitoka mu kinywa yetu. Kinywa tungali nayo. Tutakupatia tena."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila siku baada ya kazi walikuja, chai ikachemshwa, wakasema. Lakini Mama, haikuwa kama mara ya kwanza. Mara ya kwanza Maman Nsimire alikwenda kwao kama Madame mwalimu, na karatasi na maswali yaliyopangwa, nao wakavaa vizuri na kumjibu kama watoto wanavyomjibu mwalimu. Mara hii alikuwa amekaa chini pamoja nao, amefiwa, anamenya kunde. Na kwenye matanga ya watu hawa maneno ya kupamba huonekana kama utovu wa heshima. Mtu akisema, anasema.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya Mama Neema. Mara ya kwanza alikuwa amesema binti yake Neema aliacha shule kwa sababu ya karo. Huyu Neema ni rika langu, anauza mikate barabarani, ana sauti nzuri. Siku ile hakuwepo.

"Nilikudanganyaka," akasema Mama Neema bila kuinua macho. "Haikukuwa karo. Baba yake alikuwa ameshakufa, bakubwa bote bameenda, njo yeye tu alibakia mu nyumba. Mwalimu akakuja kuniambia, ule mutoto iko na akili sana, ataenda mbali. Nikaogopa. Usiku nikawa nasema, akienda, nani atafungua mulango asubui? Nikamutosha ku masomo. Nikamwambia franga zimeisha. Ata leo anajua vile."

Mikono yote ilikuwa imesimama. Nilisikia maji ya chai yakichemka na sikuinuka kuyatoa. Maman Nsimire akauliza, "Niandike?"

"Andika. Jina yangu usiiweke."

Baada yake wengine nao wakafunguka. Mmoja naye alimtoa binti shuleni ili amtunzie mdogo, mwingine kwa sababu mume aliona haya binti amemzidi kusoma barua. Karo ilikuwepo, simkatalii mtu umaskini wake, lakini mara nyingi ilikuwa mlango tu, na nyuma ya mlango kulikuwa na kitu kingine. Maman Nsimire aliandika kwa mkono, mimi nikachapa kwenye mashine ya ofisi, na kila jioni nilihifadhi kwenye flashi, kwenye simu, na nikamtumia mwanawe Lubumbashi. Kaka Juma angekuwa na barua pepe hata yeye angepata nakala. Katika kazi hiyo Mama Neema akaitwa "mama wa tatu".

Siku chache kabla ya mwisho wa mwezi, fundi akapiga simu. Vitu vimetoka! Tuliteremka Nyawera karibu kwa kukimbia. Picha za marehemu zilikuwa pale zote, na sura ya zamani yote, nzuri, imenyooka, yenye majedwali na mistari iliyopangwa. Nikamwambia Mungu asante, tuweke hii, ile nyingine haijapigwa pasi, na hii ndiyo namna profesa anayoipenda. Hata sasa naona ushauri wangu ulikuwa wa mtu mwenye akili timamu. Maman Nsimire aliisoma palepale kwenye benchi la fundi, mpaka mwisho, kisha akaifunga mashine.

"Hii ni muzuri," akasema. "Lakini sasa najua si kweli. Nitaiweka namna gani, nikijua?"

Tukagombana njia nzima. Nilimwambia profesa ataikataa, atapoteza miaka yake kwa ajili ya maneno ya kwenye mkeka. Akaniambia, "Zuhura, niliomba wanambie. Wameniambia." Akaweka ile mpya, siku ya mwisho, na mimi sikulala vizuri kwa ajili yake.

Siku ya kutetea kazi, Cimpunda ilihamia chuoni. Mabenchi ya nyuma yalijaa vitenge, sabuni ilinukia ukumbi mzima. Mama Neema alikuja, na Neema pembeni yake, ameacha mikate yake siku hiyo kwa sababu anampenda Maman Nsimire. Nilipomwona nilikosa raha. Maman Nsimire alieleza vizuri, kwa Kifaransa chake cha ubaoni, na mambo yalikwenda mpaka mmoja wa maprofesa, mzee wa miwani, akafungua ukurasa na kuusoma kwa sauti. Kisha akausema tena kwa Kiswahili ili ukumbi usikie.

"Madame, huyu mama wa tatu. Anasema alimutosha mutoto ku masomo juu ya kuogopa kubaki peke yake. Mimi sijawahi kusikia muzazi anasema vile. Una hakika hukutunga? Huyu mama iko?"

Maman Nsimire alilijua jina. Lakini alikuwa ameahidi kutolitaja. Nilimwona akitazama meza, na nikajua atanyamaza, na kwamba akinyamaza wataandika ametunga, na basi, yote yamekwisha. Yule profesa akasubiri, akachukua kalamu.

Nyuma benchi likalia. Mama Neema alikuwa amesimama.

"Iko, professeur," akasema. "Ni mimi. Na mutoto mwenyewe njo huyu."

Ukumbi wote uligeuka. Neema alimtazama mama yake kutoka chini, uso umesimama, kama mtu aliyeitwa jina na sauti asiyoijua. Mama Neema hakukaa. Alibaki amesimama, ameshika kitenge chake kifuani, mpaka profesa akaweka kalamu chini na kusema, taratibu, "Asante, maman. Kaa." Hakuuliza swali jingine. Walitoka, wakarudi, wakamtangaza Maman Nsimire kuwa amefaulu, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka vioo vikatikisika. Shemeji yake naye alikuwepo, akaja kumpa mkono mbele ya watu, na Maman Nsimire akaupokea kwa uzuri kuliko ambavyo ningeupokea mimi.

Kurudi tulipanda kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha na ile njia ya Cimpunda inakuwa sabuni tupu. Neema alitangulia peke yake. Hakusema neno na mama yake tangu ukumbini, na sisi wengine tuliimba kwa sauti ya chini kidogo kwa sababu yao. Mama Neema alikuwa nyuma yake, anahema. Pale penye ngazi za udongo, Neema akasimama. Kisha akageuka.

"Mama, leta mukono," akasema. "Hapa kunateleza."

Nilikuwa nyuma yao, Mama, na macho yangu yalijaa maji nikawa sioni njia. Nilikukumbuka wewe. Baba alikuwa ameshatutoka, kaka Juma ameoa na kujenga kwake, mimi kitinda mimba ndiye niliyebaki nawe mle ndani. Nilipokuambia nimepata kazi Kongo uliniuliza tu kama huko kuna baridi, ukaenda sokoni, ukaninunulia sweta. Miaka yote hii nilidhani halikukuuma sana. Nimewahi hata kusema hivyo kwa watu, nikicheka, kwamba mama yangu ni mgumu. Sasa nimemsikia mama mwingine akisema kilichokuwa ndani ya nyumba yake usiku, na ninajua ndani ya yako kulikuwa na kitu hichohicho. Uliogopa, na ukaninunulia sweta. Asante, Mama. Likizo yangu yote nitakuja kuimalizia Ujiji, na asubuhi nitafungua mlango mimi.

Nisalimie kaka Juma, mwambie paa haliwezi kungoja pensheni yake. Nisalimie shangazi Mwajuma muuza dagaa, na mjomba Ramadhani mshona viatu, na jirani yetu anayekuchotea maji. Maman Nsimire anakusalimu sana, anasema siku moja atakuja kuliona ziwa letu, hili dogo la kwao limemchosha.

Na Asha, binti wa kaka, najua ni wewe unayemsomea bibi haya. Mwanangu, ukimwona amenyamaza, usimwulize kitu. Weka karatasi chini, ukae naye.

Ni mimi mwanao,
Zuhura